Kitabu Kilipofanyiwa Kwanjula

Kila tuzo ya taifa ya fasihi inapotangazwa, watu huuliza nani atashinda. Mimi ni mwalimu, nimezoea kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa hiyo huuliza kwanza nani anaruhusiwa kuingia. Masharti ya kuingia husomwa na wachache, tena kwa haraka, na hapo ndipo vitabu vingi vizuri huachwa mlangoni bila mtu kuvifungua. Nataka kueleza jinsi kitabu kimoja kilivyopita mlango huo hapa Kampala. Nilikuwepo, na labda wewe nawe una mswada chini ya godoro na unaona haya kuuliza.

Kwetu ni Kenya. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huku Makindye, na Jumamosi alasiri hukutana na wasomaji wenzangu katika chumba cha nyuma cha kanisa dogo. Tunasoma kitabu kimoja kwa zamu, wenye nakala wakiwasomea wasio nayo. Wapo Wakenya wenzangu wanaofanya biashara mjini, wapo akina mama Wakongo waliokimbia vita mashariki mwa nchi yao, na yupo mzee mmoja Mganda, mwanajeshi mstaafu, aliyejifunza Kiswahili kambini na ambaye sote tunamwita Afande. Kiswahili chetu hakifanani hata kidogo, lakini tunaelewana.

Mwandishi ninayemzungumzia ni mmoja wa hao akina mama. Ni msusi, na saluni yake iko chini kidogo ya kanisa, mahali ambapo barabara inaanza kuteremka. Kwa miaka kadhaa aliandika asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja. Riwaya yake inahusu familia inayohamahama humu Kampala ikiburuta kabati kubwa la mbao nzito lisilopita kwenye milango. Kila wanapopata chumba kipya, baba lazima kwanza ambembeleze mwenye nyumba wang'oe fremu. Unacheka ukurasa mzima, kisha ukifika chini unagundua umeacha kucheka.

Tuzo ilipofungua kundi jipya la vitabu vya Kiswahili, nilimpelekea habari hiyo saluni. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi.

"Mwalimu, ile ni ya wenyeji," aliniambia bila kuinua macho. "Miye ni mkimbizi. Watasema hapana mbele ya kufungua kitabu."

Nilivuta stuli nikaketi, nikamsomea sharti la kwanza polepole. Lilisema mwandishi awe raia wa Uganda au mkaazi halali. Nikamweleza kwamba mkimbizi mwenye kitambulisho chake ni mkaazi halali; nchi yenyewe ndiyo iliyompa kitambulisho hicho. Kwa kuwa hakuniamini, nilipiga simu katika ofisi ya tuzo mbele yake, na sauti ya upande wa pili ikathibitisha. Ukiwa na shaka juu ya sharti, nakuomba ufanye hivyo. Uliza. Wanaoandika masharti huwa na simu, na mara nyingi hufurahi kuona mtu ameyasoma.

Alisuka mistari miwili mitatu. Kisha akasema, "Basi sikiliza. Kama watasema hapana, waseme sababu ya kitabu. Wasiseme sababu ya miye."

Hicho ndicho alichokitaka, na tangu siku ile ndicho na sisi tulichokitafuta. Kushinda hakukutajwa kabisa. Tulitaka kitabu kifike mbele ya waamuzi na kisomwe kama vingine.

Sharti la pili lilitaka kitabu kiwe kimechapwa na kinauzwa hadharani nchini. Kuchapwa kilikuwa kimechapwa, ila nakala zilikuwa zimelala kwenye maboksi nyuma ya saluni, na boksi haliitwi duka. Nikaenda Kikuubo, sokoni katikati ya mji, kwa mwenzetu mmoja wa Jumamosi, mama Mkenya anayeuza mabeseni, majagi na chupa za chai kwa jumla. Ulimi wake ni mkali na mizani yake haina upendeleo.

"Tuzo ya taifa ni ya taifa, mwalimu," alisema. "Ndiyo maana ikaitwa hivyo. Mimi niko hapa miaka yote hii na sijawahi kuomba kitu cha taifa la watu."

Jirani yake, Mganda anayeuza ndoo, aliegemea ukuta wa katikati ya maduka yao. "Nnyabo, wewe hiyo kitabu umesoma?"

"Nimesoma. Kwani wewe umesoma?"

"Mimi nasoma sasa ile yako, kila siku kidogo hapa kwako bila kulipa. Hiyo kitabu inasema Makindye. Inasema matope ya Makindye vile iko. Inasema landlord wetu vile wanatukana watu. Sasa kama si ya sisi, ni ya nani?"

Mama wa mabeseni akasogeza majagi pembeni ya kaunta. "Leta nakala," akaniambia. "Lakini nikiulizwa, nitasema vile nimeona. Hapo mwisho amenikasirisha."

"Ndivyo wanavyotaka watu wa tuzo," nilimjibu, na moyo wangu ukatulia. Kwa sharti la tatu nilidhani tumeshafika.

Sharti la tatu lilikuwa kikao cha wasomaji. Tuzo hii haitaki kusikia waamuzi peke yao, inataka pia maoni ya watu wa kawaida waliokisoma kitabu. Kwa hiyo inamtuma mtu, msikilizaji, akae na wasomaji na kuandika wanayosema. Wasomaji wasiwe ndugu wa mwandishi. Mwandishi mwenyewe asiwepo chumbani, ili watu wasione haya. Tena maoni yawe ya pande zote, yaani yaliyopendeza na yasiyopendeza, kwa sababu sifa tupu haimsaidii mwamuzi kujua kama kitabu kimesomwa kweli. Mimi niliona ni masharti ya busara, na hadi leo naona hivyo.

Msikilizaji alikuja Jumamosi, dada mmoja kijana, mpole, mwenye miwani. Mwandishi aliondoka mapema, akaenda Ggaba kununua samaki. Tulikaa mduara. Dada akakaribisha maoni.

Wa kwanza kusimama alikuwa mke wa mchungaji, Mkongo pia, ambaye katika kundi letu husikilizwa kuliko mtu yeyote. "Tunamushukuru Mungu kwa ajili ya dada yetu," alisema, akaketi.

Wa pili akasema ni kitabu kizuri. Wa tatu akasema ni kizuri sana. Wa nne akasema kama alivyosema wa tatu.

"Na kuna mahali palipowachosha?" msikilizaji aliuliza. "Palipowaudhi? Ambapo hamkuelewa?"

Watu walitazama viatu vyao. Nilimtazama mama wa mabeseni, aliyeniapia kwamba atasema vile ameona. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya leso yake. Afande alikohoa. Nje mtu alikuwa anafua, tukasikia kila nguo ilivyokamuliwa.

Msikilizaji alingoja kwa subira, akauliza kwa njia nyingine, akangoja tena. Mwisho alifunga kalamu yake. Alituambia kwa upole kwamba kikao cha namna hiyo hawezi kukipeleka, kwa kuwa upande mmoja haukusemwa. Angeweza kuja mara moja tena kabla ya mapokezi ya vitabu kufungwa. Baada ya hapo, kitabu kingerudi kwa mwenyewe bila kufika kwa waamuzi.

Alipotoka, nilimgeukia mama wa mabeseni. "Ulimi wako umeuacha Kikuubo?"

"Wee, mwalimu! Niseme nini, na hawa wote wameketi kama wako mazishini? Nionekane mimi ndiye nina roho mbaya?"

Mke wa mchungaji ndiye aliyenieleza, tena kwa utaratibu, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi. Kundi la maombi la akina mama lilikaribia kuvunjika kwa sababu ya maneno ya pembeni. Fulani alisema juu ya fulani, yakamfikia, watu wakaacha kusalimiana. Ndipo walipoweka agano mbele ya madhabahu, kwamba hakuna kumsema mtu ambaye hayuko.

"Miye siwezi sema mutu mwenye hayuko," alisema. "Akikuwa hapa, nitamwambia. Lakini mumemutosha inje, sasa munataka tumuseme? Ile ni kusengenya."

Nilieleza kwamba kitabu si mtu. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa mifano ya darasani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mutu akisema mutoto wako, amesema nani?"

Akina mama walikuwa wanatimiza ahadi yao. Sharti lilimtoa mwandishi nje ili watu wawe huru, na huko kutoka kwake ndiko kulikowafunga midomo.

Hapo Afande akasogeza kiti chake mbele. Lazima nikwambie kwamba mzee huyu, tangu alipostaafu, Jumamosi nyingine hatumwoni kwa sababu ameitwa kuwa msemaji kwenye kwanjula. Kwa Waganda, kwanjula ni siku ambayo kijana anakwenda kutambulishwa nyumbani kwa wazazi wa msichana. Kijana mwenyewe anakaa kimya. Anayesema ni msemaji wake, na wenye nyumba nao wana wa kwao, na hao wawili wanapambana kwa maneno mchana kutwa. Wageni wanachelewa, wanatozwa faini. Kijana anaulizwa kazi yake, ukoo wake, hata miguu yake mbona imepinda. Watu wanacheka, lakini maswali ni ya kweli, na kila swali linajibiwa.

"Sikilizeni," Afande alisema. "Kwa kwanjula, mama ya kijana iko wapi?"

Tulisema hatujui.

"Iko nyumbani! Kwa desturi yetu, mama ya kijana haendi. Sasa sisi tunasema mutoto yake siku muzima. Tunasema huyu ni fupi, huyu iko mweusi kama sufuria, huyu nakula sana. Kuna mutu nasema hiyo ni kusengenya? Hakuna. Kwa nini hakuna?" Alitupa nafasi, kama fundi wa kazi yake. "Kwa sababu kijana iko na msemaji. Mutu yake iko pale, najibu. Kusengenya ni kusema mutu ambaye hana wa kujibu."

Mke wa mchungaji aliinamisha kichwa upande mmoja. Alikuwa anaipima hoja ile, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Na kwetu," alisema mwishowe, "siku ya kutoa mahari, ni vile vile. Wanasemaka sana. Na hakuna mwenye anakasirika."

"Basi kitabu ndiye kijana," Afande akasema. "Mimi ni msemaji yake. Ninyi ni wenye nyumba."

"Na bibi harusi ni nani?" akauliza mama wa mabeseni.

"Ni ninyi pia."

"Bibi harusi wa Kiganda hupiga magoti, na magoti yangu haya!"

Walicheka mpaka mwenye kufua akachungulia dirishani. Mimi niliwahi simu. Nikauliza ofisi ya tuzo kama sharti linakataza mtu kumjibia mwandishi. Walilisoma, wakalisoma tena. Halikatazi, wakasema, mradi anayejibu si ndugu yake wala mchapishaji wake, na mradi maoni yote yaandikwe yalivyo. Nilishukuru kwa niaba ya watu waliokuwa wamekizunguka kiti changu wakitaka kusikia.

Siku ya kikao cha pili Afande alikuja amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vikali, koti jeusi juu yake na kofia kichwani. Kitabu kilikuwa mkekani, ndani ya kikapu, kimefunikwa kitambaa. Akina mama walikaa upande mmoja wamevaa vitenge vya sikukuu. Mwandishi alikuwa saluni kwake, mlango umefungwa, anasuka. Msikilizaji aliingia, akasimama kizingitini.

"Samahani," akasema, "nimekuja kwenye kikao cha wasomaji."

"Karibu nnyabo, ni hapa hapa," Afande alimwambia. "Kaa, andika."

Mama wa mabeseni alianza, akiwa ameshika kiuno. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wa nyumba. "Ninyi wageni mmetoka wapi, na huyo kijana wenu aliyefunikwa kama mkate?"

"Tumetoka hapa chini tu, mama. Kijana yetu iko na tabia nzuri. Haisumbui mutu. Ukichoka nayo, unaifunga."

"Tumemchunguza. Tumesikia ndani yake kuna baba mmoja, kutoka mwanzo mpaka mwisho amekaa tu juu ya kochi. Hafanyi kazi, hafi, haondoki. Anatusaidia nini?"

"Mama, wewe nyumba yako haina mwanaume kama huyo?"

Chumba kililipuka kwa kicheko. Mama wa mabeseni mwenyewe ilibidi ageuke ukutani. Lakini hakuachia. "Iko naye! Ndiyo maana nauliza. Wa nyumbani namfahamu hofu yake. Huyu wa kitabu sikuoneshwa anaogopa nini."

Kalamu ya msikilizaji ilikuwa inakimbia.

Baada ya hapo hawakuzuilika. Mmoja alilalamika kwamba milango imeng'olewa mara nyingi mno, akaomba kurasa zipunguzwe. Mwingine akamkatiza kwa ukali, kwamba hapo ndipo panapochekesha, na asiyejua kuhama asiseme. Mmoja alisema mwenye nyumba wa Nsambya ni mbaya kupita kiasi, hakuna binadamu kama yule. Watatu wakampa majina ya watu wanaowajua, mpaka Afande akawatoza faini kwa kelele. Mama wa mabeseni akaleta hasira yake ya mwisho wa kitabu. Kabati limeuzwa, binti amelia ukurasa mmoja, basi. "Tumelibeba pamoja nao kitabu kizima, migongo imetuuma, halafu tunaambiwa limeuzwa kama nyanya? Tulitaka kuagwa!" Na wengine wakataja walichokipenda, na safari hii sifa zilikuwa na sura. Mvua ya kwenye bati siku ya kuhama. Mama anayehesabu watoto gizani kwa kugusa vichwa.

Afande alijibu kila mmoja. Alikuwa anatoka jasho, koti limefunguka, na furaha tupu usoni.

Kisha mke wa mchungaji akasimama, na kelele zikaisha zenyewe.

"Miye niko na swali kwa wageni," alisema. "Kuna pahali mama anafungua kabati, anakuta manguo ya ule mutoto mwenye alibakiaka kule Kongo. Mistari mbili, tatu, basi, tumeshafika sokoni. Kwa nini mwandishi amekimbia? Sisi tulipita ile njia. Tulifika pale pa kabati, tukataka kuikala kidogo. Yeye akatuvuta mukono, akasema twende. Sikupenda. Kitabu kizima ninaipenda, ila pale sikupenda."

Afande alifungua mdomo. Kila mtu alingoja mzaha. Akavua kofia yake.

"Mama, hapo msemaji hana jibu," alisema. "Hiyo nitapeleka kwa mama yake vile umesema."

Mke wa mchungaji aliitikia kwa kichwa, akainama, akakifunua kitabu na kukinyanyua kutoka kikapuni kwa mikono miwili. "Tumemupokea," akasema. Vigelegele vilivyofuata vilisikika hadi barabarani.

Msikilizaji alitikisa mkono wake uliochoka. Alisema amekaa vikao vingi, na vingi huwa ni watu kuonesha kwamba wamesoma, lakini hiki… Hakumaliza sentensi hiyo, alifuta miwani.

Tuliteremka wote saluni, maana hakuna aliyetaka kukosa. Mwandishi alituona mlangoni, akashusha kichana.

"Mulisema nini?"

Wakamwambia. Walimwambia yote, mbele ya mteja, huku wakikatizana: kochi, milango, mwenye nyumba, kabati lililouzwa kama nyanya. Aliitikia, alicheka, mara moja akabisha. Mwisho mke wa mchungaji akasema lake, akimwangalia machoni. Mwandishi alizungusha kichana.

"Nilikimbia," akasema. "Pale nilikuwa ninaandika na macho imejaa, na muteja wa kwanza amesimama kwa mlango. Nikasema nitarudi. Sikurudi." Kisha uso wake ukafunguka. "Wee, ulisoma mpaka pale? Uliona nimekimbia?"

Sijamwona mwandishi mwingine akifurahi hivyo kwa kukosolewa. Na kama umeandika na unaogopa wasomaji, nataka uuone uso ule. Hakuna aliyemwonea huruma siku ile wala kumtaja kama mkimbizi. Walimsoma.

Juma lililofuata yule dada msikilizaji alipiga simu nikiwa saluni. Mwandishi aliiweka kwa sauti ili mteja na mimi tusikie. Kikao kimekubaliwa, kitabu kimepokelewa, kiko kwa waamuzi. Alimwomba dada aseme tena. Dada akasema tena.

"Sasa wanaweza kuniambia hapana," alisema, akikumbatia simu. "Mwalimu, sasa wanaweza!"

"Nani akwambie hapana?" mteja alimaka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. "Hebu wajaribu."

Hawakujaribu. Jioni ya tuzo tulijaza safu mbili za nyuma, na jina la kitabu chetu liliposomwa kama mshindi wa kundi la Kiswahili, muuza ndoo wa Kikuubo alisimama juu ya kiti na ilibidi ashushwe kwa heshima na walinzi. Mwandishi alipanda jukwaani amevaa kitenge kipya. Hakuwa na hotuba. Alishukuru, akasema kwamba kuna pahali katika kitabu ambapo wasomaji wake walitaka kukaa na yeye akawavuta mkono, na kwamba chapa ya pili itakuwa na kurasa zaidi. Watu wa mbele walipiga makofi ya adabu, bila kujua anasema nini. Safu zetu mbili tulijua, na tulipiga makofi mpaka mshereheshaji akaacha kungoja tunyamaze, akaendelea na programu yake juu ya kelele zetu.